Kuku Hajabatizwa

Watu wa Shelui wana tabia moja. Wakiwa na njaa hawaniulizi kitu: wanakaa kwenye benchi langu, wanavuta sahani, wanakula. Wakishashiba ndipo mmoja anachokonoa meno na kusema, "Hivi mama, wewe si ulikuwa Mwislamu? Ilikuwaje ukahama?" Nami huwajibu, "Ilikuwa hivyo hivyo unavyoniona." Wengine hucheka, wengine hununa. Shauri yao.

Leo naeleza mwenyewe, kwa sababu nimechoka kusikia wenzangu wakinielezea. Wapo wanaosema nilifuata mwanaume. Mwanaume gani? Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa baba na sanduku langu la bati, na wanaume nilikuwa nimewashiba hadi hapa kooni. Wapo wanaosema nilifuata mitumba ya wazungu. Mitumba nilinunua mnadani kwa jasho langu kama wanawake wengine wote. Na yupo mama mmoja wa sokoni aliyesema nimerogwa. Huyo angalau alinionea huruma.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Duka la ushirika, lile lenye rafu tupu na karani mwenye dharau, lilifungwa, na kila mwenye kichwa akafungua la kwake. Malori yakazidi barabarani. Yalishuka mlima wa Sekenke breki zikinuka, yakifika kwetu madereva na utingo wao wanataka kula kabla ya kitu kingine chochote. Sisi wanawake tukaamka. Kuku tunao, maana kwetu kuku wanazurura hadi chini ya vitanda, na wakipungua wanaletwa kwa baiskeli kutoka vijijini, wamebanwa kwenye matenga. Alizeti tunalima wenyewe. Nikajenga kibanda cha miti na mabati machakavu, nikaweka benchi na meza, nikaanza kupika.

Sasa, mgeni akisimama mbele ya sufuria ya kuku alikuwa na swali moja kabla hata ya kuuliza bei: "Nani kachinja?" Na jibu letu wote lilikuwa moja: "Mzee." Mzee huyo ni baba yangu.

Enzi zake baba alikuwa kibarua wa barabara, akichimba mitaro na kujaza mashimo. Mwili ulipochoka alibaki na kigoda, kisu na jiwe la kunolea. Kila asubuhi akitoka msikitini alikaa nyuma ya soko na sisi tukampelekea kuku, Waislamu na Wakristo wote. Mwenye jogoo wa Krismasi alimpeleka kwa baba, na mwenye jogoo wa Idi hali kadhalika. Mwenye harusi, hata kama ndoa inafungwa kanisani, alimwita baba achinje ng'ombe, ili wageni wote wale chungu kimoja na asiwepo mtu wa kurudi kwake na njaa. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Tulizaliwa tukakuta ndivyo ilivyo. Hata mchungaji alimtuma mkewe na tenga, na mkewe akiondoka anaacha kipande cha sabuni au sukari kidogo ndani ya karatasi, asante ya mzee.

Mama yangu alikwisha kufa, na tangu nirudi nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia baba. Mchana alikuja kibandani, akakaa pembeni ya benchi, nikampa chakula chake. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mbele ya paja la kuku aliongea.

Jirani yangu wa kibandani alikuwa mama mmoja mjane, Mkristo, na kila Alhamisi alasiri akina mama wenzake walikusanyika chumbani kwake kuomba. Kibanda changu kiliegemea ukuta wa chumba hicho, wa udongo, na nilisikia kila kitu. Sala nilizozijua mimi ni za Kiarabu. Nilizihifadhi chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nikiwa mdogo, na hadi leo nikizisikia moyo unatulia, sitaki mtu aniambie vinginevyo. Lakini wale akina mama walikuwa wakimweleza Mungu mambo yao kwa Kinyiramba, lugha ambayo mama yangu alinigombezea na kunibembelezea hadi anakufa. Mmoja alimwambia Mungu kwamba mume wake amemchosha. Hivyo hivyo, bila kuzunguka! Nikasimama na mwiko mkononi nikisikiliza, kuku wakaungua.

Alhamisi iliyofuata nilizima moto mapema, nikaingia. Jirani hakuninyakua wala hakupiga vigelegele. Alisogea tu kwenye mkeka, nikakaa. Nikarudi tena, na tena. Nabii Isa nilikuwa namjua tangu chuoni, tulifundishwa kumheshimu, na yeyote anayesema Waislamu hawamheshimu hajui analolisema. Sasa nikawasikia hawa wakisimulia jinsi alivyokaa na wanawake ambao wenzao hawakutaka kukaa nao, na mimi mwanamke wa talaka nilikijua kiti hicho. Nikampenda. Basi. Anayetaka sababu nyingine akaitafute mwenyewe.

Nilimwambia baba kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa amekaa kwenye benchi langu, wateja wamekwisha, mbele yake sahani ya ugali wa mtama na kuku.

"Baba, nataka kubatizwa."

Aliacha kutafuna. "Nani amekutukana msikitini?"

"Hakuna, baba."

"Nani amekuahidi kitu?"

"Hakuna."

"Umepata mchumba huko?"

"Baba! Hakuna."

"Sasa nini?"

Nikamweleza habari ya wale akina mama na Kinyiramba chao. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Mimi huongea na Mungu Kinyiramba kila siku, nikiwa shambani. Ungeniuliza ningekwambia. Dua haina lugha."

Wallahi, neno lile lilinikata. Ningelisikia mapema, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini nilikuwa nimekwisha kufika nilikofika, na moyo haurudishwi kwa kamba. Nikamwambia hivyo.

"Mimi sikupi ruhusa," akasema. "Siwezi, mwanangu. Nikikupa nitamjibu nini Mungu?"

"Sikuja kuomba ruhusa, baba. Nimekuambia ili usisikie kwa watu."

Akaisukuma sahani. Haikuwa imefika nusu. Akasimama, akaweka kofia yake sawa, akaondoka. Tangu siku ile hakula tena kwangu. Nilipika nyumbani, chakula kikalala. Alijichomea viazi mwenyewe uani, akala amenipa mgongo, na mimi ndani nilikuwa nalia kwa hasira na kwa uchungu, vyote pamoja. Nilikuwa tayari kutengwa na mji mzima. Lakini baba kutokula kwangu, hilo sikuwa tayari nalo, na sikuona namna ya kulizuia.

Hata hivyo nikabatizwa. Siku ile mchungaji aliniuliza jina jipya ni lipi. Nikamwambia jina ninalo. Akasema jina langu ni la Kiislamu. Nikasema ni la baba yangu, alinipa nikiwa mtoto wa siku saba, akachinja mbuzi, akawaita watu, na mimi silirudishi. Mchungaji akatazama wazee wa kanisa, wazee wakatazama dari. Nikabatizwa na jina langu hilo hilo, na mtu akiniuliza vipi Mkristo ana jina hili, namwambia aende akamuulize aliyenibatiza.

Kesho yake, Jumatatu, ilibidi nipike. Nikabeba tenga langu hadi nyuma ya soko. Wanawake walikuwepo foleni nzima, na nilipofika pakawa kimya. Kimya cha kuudhi, maana wale hawajui kunyamaza. Mwingine akasogeza tenga lake lisigusane na langu. Nikamwambia, "Sogeza tu dada, kuku wangu wana ukoma."

Zamu yangu ikafika. Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alinitazama muda. Macho yake yalikuwa mekundu, hajalala. Mimi nilikuwa nimeshajipanga kwamba akikataa nitabeba tenga langu nirudi nalo na wasione chozi langu hata moja. Baba akanyoosha mkono. "Lete."

Akamshika kuku wa kwanza, akamgeuza kuelekea kibla, akasema, "Bismillahi, Allahu Akbar," akachinja. Akanyoosha mkono tena. Wa pili, wa tatu, hadi tenga likaisha.

Mchana nikamwona anakuja kibandani na fimbo yake. Akakaa mahali pake, pembeni ya benchi. "Niletee chakula," akasema. "Nimechinja mwenyewe, najua kilivyochinjwa." Nililia mbele ya madereva, dereva mmoja akauliza kama ni moshi. Baba alikula akamaliza, akafuta mdomo, akasema, "Rudi, mwanangu."

"Siwezi, baba."

"Haya. Niletee chai."

Ikawa hivyo kila siku. Anakula, ananiambia nirudi, nakataa, anakunywa chai. Watu wanadhani alinikubalia. Hakunikubalia hata siku moja, na mimi sikumkubalia. Lakini alikula.

Haikupita muda mrefu shehe wa msikiti wetu akaja nyumbani. Alikuwa rika la baba, walipelekwa jandoni pamoja, na alikuwa mtu wa haki, sitamsema vibaya. Niliwapelekea kahawa nikarudi jikoni, na masikio nikayaacha sebuleni. Shehe alisema watu wananung'unika. Alisema aliyeritadi hastahili kufanyiwa ukarimu huo hadharani, vijana wataona ni jambo dogo, na kwamba mzee aache kumchinjia bintiye.

"Kuku ni wake," akasema baba, "lakini anayechinja ni mimi. Mimi nimeritadi?"

"Hapana, astaghfirullahi."

"Kisu kimebatizwa?"

"Mzee..."

"Kuku amebatizwa?"

"Mzee mwenzangu, unafanya mzaha."

"Nakuuliza wewe uliyesoma. Binti amebatizwa, najua, na kila nikisujudu namwombea arudi. Kuku hajabatizwa. Nitaendelea kumchinja."

Nilijiziba mdomo kwa kanga jikoni nisicheke. Shehe aliondoka kahawa imebaki kikombeni.

Kisha zikaja spika. Nani alizileta kwanza sijui, na kila upande unasema ni mwenzake. Siku hizo mtu yeyote mwenye jenereta na kipaza sauti alikuwa mhubiri. Ijumaa uwanja wa mnada ulikuwa na mhadhara, mtu anashika Biblia na kuwaonyesha Wakristo walivyopotea. Jumapili uwanja huo huo ulikuwa na mkutano wa injili, mwingine anawaonyesha Waislamu walivyopotea. Watu waliokuwa wakiazimana majembe wakaanza kutazamana. Ulikuwa ni upuuzi mtupu, na nilisema wakati ule kama ninavyosema sasa.

Mwinjilisti mmoja mgeni, kijana wa suti, alipata habari zangu. Akaja kibandani, akala, akanisifia mapishi, akaniomba Jumapili nipande jukwaani nitoe ushuhuda. "Waeleze, dada, ulikuwa gizani namna gani, na walikutesa namna gani." Nikamuuliza nani kanitesa. Akasema, "Utakumbuka tu ukishapanda."

Nikapanda. Uwanja umejaa, na nyuma kabisa, karibu na nguzo za mnada, nawaona Waislamu wamesimama kusikiliza watakavyotukanwa. Baba yupo katikati yao na fimbo yake. Nikashika kipaza sauti.

"Mimi nimebatizwa," nikasema, "na nampenda Yesu. Hilo sitalificha. Baba yangu ni Mwislamu, yule pale mwenye kofia. Ndiye aliyenifundisha kumwogopa Mungu, kutosema uongo na kutokula kitu cha mtu. Mimi sikutoka gizani. Nilitoka nyumbani kwa baba, na bado nalala huko. Anayetaka kumtukana baba yangu kwa hiki kipaza sauti, anitukane mimi kwanza, na mimi mdomo ninao."

Yule kijana alinipokonya kipaza sauti, akasema "Haleluya" kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kwaya ikaanzishwa haraka haraka. Nikashuka. Baba hakuniambia lolote kuhusu siku ile. Kesho yake tu, alipomaliza kula, alisahau kuniambia nirudi. Au hakusahau, sijui.

Baada ya spika, mambo yakaharibika. Kanisani likatoka tangazo kwamba Mkristo asile tena nyama iliyochinjwa na upande mwingine, na kwamba wamepata mchinjaji wao. Mchungaji, yule yule aliyekuwa akimtuma mkewe na tenga, akaja kunieleza.

"Kuku wangu anawachinja baba," nikamwambia.

"Dada, huwezi kuwa umeokoka na bado..."

"Na bado nini? Wewe umekula mkono wa baba yangu miaka yote hiyo, mbona hujafa? Leo kimebadilika nini, kisu? Nikimpelekea huyo wenu, baba yangu atakula wapi?"

"Yesu alisema anayempenda baba yake kuliko..."

"Mchungaji, sijasema nampenda kuliko. Nimesema atakula wapi. Nijibu."

Akanitoa kwenye kwaya niliyokuwa nikiimba nayo. Nikaimbia kibandani, bure, na sauti ninayo.

Upande wa pili nao hawakulala. Baba akaambiwa kwamba kwa sababu hataki kusikia, msikiti umemweka mchinjaji mwingine, kijana aliyerudi kusoma. Foleni ya nyuma ya soko ikagawanyika. Wa huku wakaenda kwa kijana, wa kule wakaenda kwa mchinjaji wa kanisa. Baba akabaki kwenye kigoda chake na tenga moja tu, la kwangu. Hizo pande mbili zilikuwa hazikubaliani hata saa ya jua kuzama, lakini kwenye jambo la kututenganisha mimi na baba walikubaliana vizuri kabisa.

Wanawake wenzangu wa barabarani wakapata silaha. Basi likisimama, mmoja alipiga kelele, "Msinunue kwa yule, kwake hakueleweki!" Nami nikamjibu, "Kwangu kunaeleweka sana, ni kwako ndiko kuna kuku wa jana wenye ladha ya maji!" Siku nyingine nilirudi na sufuria nusu nzima. Lakini madereva hawakuniacha. Dereva aliyeshuka Sekenke salama hana muda wa ugomvi wa watu. Alikuwa akiuliza nani kachinja, nikisema mzee, anakaa. Na jirani yangu yule mjane hakuniacha pia. Alikula kwangu mbele ya macho ya wazee wake wa kanisa, akanyonya na vidole.

Miaka kadhaa ilipita hivyo, nasi tukawa tumezoea. Kilichotushinda kilitoka kwa baba mwenyewe. Mikono ilianza kutetemeka. Kwanza kikombe, kisha kijiko. Hospitali walitupa vidonge na kusema ni uzee. Asubuhi moja nikiwa nimemshika kuku, baba akasema Bismillahi, akashusha kisu, kikateleza kikamkata kidole. Akajaribu tena, kikapita pembeni. Akakiweka chini.

"Basi," akasema. "Imekwisha. Nitamtesa kiumbe wa Mungu bure."

Nilijua maana yake. Kijana wa msikiti hakuwa tayari kunichinjia mimi, alikwisha kusema hivyo hadharani. Nikienda kwa mchinjaji wa kanisa, ningeuza kuku bila taabu, ningerudishwa kwenye kwaya, na baba asingekula tena kwangu. Angerudi kwenye viazi vyake, na sasa hata kuvigeuza kwenye moto asingeweza. Wote waliokuwa wakitaka tuachane walikuwa wameshapata walichotaka, bila hata kunyanyua mkono.

Nikakasirika. Nikapiga magoti mbele ya baba, nikachukua kisu, nikakirudisha kwenye kiganja chake, nikaweka mkono wangu juu ya wake.

"Unafanya nini?"

"Taja jina la Mungu, baba. Kulitaja ni kazi yako. Mimi nakushikia usitetemeke."

"Watasema."

"Wameanza lini kunyamaza?"

Nilihisi mifupa ya mkono wake chini ya wangu, na mtetemeko ukipanda hadi begani kwangu. Kisha akasema kwa sauti, watu wa soko wakageuka, "Bismillahi, Allahu Akbar." Tukachinja. Kisu kilipita mara moja, safi, kama zamani.

Habari ilifika msikitini kabla sijamaliza kunyonyoa. Mchana, baba amekaa mahali pake, sahani mbele yake na mimi nikimmegea nyama vipande vidogo, shehe akaingia kibandani. Hakuwahi kuingia tangu nibatizwe. Nikamwamkia, "Shikamoo, shehe." Akaitikia marahaba, lakini macho yalikuwa kwa baba.

"Mzee mwenzangu, usile hicho. Mkono wa murtadi ulikuwa juu ya kisu. Watu wote wameona."

Utingo wawili waliokuwa wakila wakaacha. Nikataka kujibu, na jibu lilikuwa tayari, kali. Baba akaninyooshea kidole ninyamaze.

"Mkono upi? Huu?" Akanishika kifundo, akaunyanyua mkono wangu mbele ya shehe, ukitetemeka pamoja na wake. "Tangu mvua zikatike siwezi kushika birika. Unaniona msikitini nimekwisha kutawadha, hukuniuliza nani ananitawadhisha. Ni huu. Ananimiminia maji, ananiosha uso, anapangusa kichwa changu, ananiosha miguu hadi kwenye vifundo, hajaruka hata pahali pamoja, maana nilimfundisha mwenyewe. Alfajiri anaamka kabla yangu. Sasa wewe ndiye uliyesoma. Kama kuku huyu ameharibika kwa mkono huu, niambie na swala zangu zote ulizoniswalisha nizirudie kuanzia wapi."

Ilikuwa kweli, na hatukuwa tumemwambia mtu. Mimi sikudhani ni jambo la kusema. Nilisimama pale mkono wangu uko hewani kwenye mkono wa baba, uso wote umenilowa, na safari hii sikujali nani anaona.

Shehe alikaa kwenye benchi. Baba akavuta sahani, akachukua kipande, kikadondoka, akakichukua tena, akala. Nikamsogezea sahani nyingine shehe. Akaisukuma pembeni taratibu, bila dharau. "Mimi sitakula," akasema.

"Usile," akasema baba. "Kaa nimalize."

Akakaa. Utingo wakarudi kwenye sahani zao. Baba alikula kama anavyokula siku zote, hana haraka, hadi kwenye mfupa, na mimi nikimmegea. Alipomaliza alinigeukia, nikajua linalokuja.

"Rudi, mwanangu."

"Siwezi, baba."

"Haya."

Shehe alitusikiliza, akanitazama mimi, akamtazama baba. Jua lilikuwa limekwisha kupita kichwani. Akasimama, akapangusa kanzu yake, akachukua fimbo ya baba iliyokuwa imeegemea meza, akaishika yeye.

"Binti," akasema, "mtawadhishe mzee, tunachelewa adhuhuri."